Minyaa ya Josephat

Mdogo wangu Josephat haoni ziwa. Amejenga nyumba ya wageni ya ghorofa kwa ajili ya kuliona, ameweka baraza huko juu na viti vya mito, na kwenye bango la barabarani ameandika kwa rangi nyekundu: NJOO UONE ZIWA. Nenda basi ukaone. Utapewa soda baridi, utapandishwa ngazi, utakaa, na mbele yako utaona minyaa. Minyaa kushoto, minyaa kulia, mirefu, minene, imeshikana hata kuku hapiti. Ziwa liko nyuma yake, na mimi niko huko huko, nanawa miguu.

Wanawake wenzangu wa soko la Mkolani, ninakouza mchicha na chainizi, huniambia, "Bernadeta, una roho wewe!" Nawajibu, ndiyo, ninayo, na sikuiazima kwa mtu. Sitaki kuhurumiwa wala kuombewa. Nataka kusikilizwa tu, maana maneno ya Josephat yameshafika mpaka Misungwi na ya kwangu hayajatoka hata nje ya uzio.

Mama yetu ni Mkerewe wa Nansio, kisiwani. Baba, mzee Chenge, Msukuma wa ng'ombe, alimwoa na kumleta huku chini ya Mkolani, ambako mawe makubwa yanashuka kutoka kilimani hadi majini kama ng'ombe wanaokwenda kunywa. Mama alipoyaona alilia. Akauliza, hapa nitalima nini? Baba akamshika mkono, akampeleka mpaka ukingoni, akamwambia, "Maji haya ndiyo yale yale ya kwenu. Ukikumbuka nyumbani, njoo uketi hapa." Basi mama akawa anaketi. Kila jioni, akishamaliza vyombo, alipanda kwenye jiwe moja bapa akatazama ziwa mpaka jua linazama ng'ambo. Sisi watoto tulijua kwamba saa hiyo mama haitwi.

Josephat nimembeba mgongoni juu ya mawe hayo. Mimi ndiye niliyemfundisha kuogelea, na mimi ndiye niliyechapwa siku alipoacha ndama akapotea kwa sababu ya kufukuzana na pimbi. Alikuwa akiniona kwa mbali anakimbia kunipokea kuni, "Shikamoo dada, shikamoo dada," mara mbili mbili. Mtoto mzuri kabisa. Sijui alipotelea wapi.

Nikaolewa Misungwi. Ndoa haikunikubali: mume aliongeza mwanamke, na yule mwanamke akaongeza mdomo. Nikarudi na begi moja. Baba alikuwa kwenye benchi nje, hakuniuliza neno, alisogea tu nikakaa. Nilimpenda baba yangu kuanzia siku hiyo kuliko nilivyowahi kumpenda mwanamume yeyote. Naye alipougua ni mimi niliyemgeuza, niliyemwogesha, niliyemlisha uji akatema nikamlisha tena. Josephat alikuwa mjini na duka lake la vipuri. Alikuja Krismasi na kreti la soda, akapiga picha na baba, akaondoka kabla chai haijachemka.

Baba akafa. Tulipomaliza matanga, wazee wa ukoo wakakaa kugawa. Josephat akasimama, suti imemkaa, sauti ameilainisha. "Wazee wangu, dada amerudi nyumbani, na mwanamke aliyerudi nyumbani ni mgeni. Lakini mimi sina roho mbaya. Nyumba, kiwanja cha juu na ng'ombe vibaki kwa mwanamume. Dada mpeni kule chini kwenye mawe, kile kibanda cha nyavu na ukingo wa ziwa. Pale kwenye maji hata kujenga hairuhusiwi, basi apande mchicha."

Watu wakacheka. Winnie, mkewe, alicheka mpaka akajiziba kwa kitenge. Mimi nilikuwa nimeshika beseni la kunawisha wazee. Mikono iliyomwogesha baba bado ilikuwa inanukia ile dawa yake ya kuchua. Nikawanawisha wote, na Josephat nikamnawisha.

Kwetu sisi mpaka wa ndugu hauwekwi kwa waya. Unapandwa minyaa. Unakata vijiti, unavichomeka ardhini mbele ya wazee, vinashika hata bila mvua, na ikishashika ndiyo basi. Mzee Ngosha, mkubwa wa ukoo wetu, alisema siku ile maneno yanayosemwa kila mpaka unapopandwa: "Aliyepanda asikate peke yake, na asiyepanda asikate peke yake. Mkitaka kuipunguza, njooni wote wawili, kila mmoja na panga lake, mkate pamoja. Anayekata peke yake amewakata wazazi wake." Watu kwetu wanaogopa neno hilo kuliko wanavyoogopa mahakama. Na minyaa yenyewe ina utomvu mweupe kama maziwa, ukikuingia jichoni utamwita mama yako hata kama ulishamzika.

Sasa sikilizeni Josephat alivyojichimbia kisima. Wazee walitaka safu moja, tena waache kipenyo cha mimi kupita kwenda kumwona mama. Josephat akakataa. Akasema kuku wangu watamharibia bustani. Akavua koti, akapanda mwenyewe kwa mkono wake, safu mbili, bega kwa bega, kutoka jiwe la kaskazini hadi jiwe la kusini, bila kuacha hata pa kupitisha mkono. "Hapo sawa," akasema, akajipangusa. Mzee Ngosha akamtazama, akatikisa kichwa, akaenda kula.

Mwaka uliofuata akabomoa nyumba ya baba, akasimamisha ghorofa. Mama alikuwa amekaa nami kibandani miezi ile yote ya ujenzi, miguu imeanza kumgomea lakini kwenye jiwe lake nilimfikisha kila jioni. Ghorofa lilipokwisha, Josephat akaja na vijana na kiti. "Mama hawezi kuishi kwenye mawe kama pimbi. Watu watanisema." Mama akanitazama. Nikamwambia nenda mama, kule kuna kitanda kizuri na choo cha ndani. Nilisema hivyo kwa mdomo. Wakambeba.

Huko juu waliacha hata kumwita Mama Bernadeta, jina alilolibeba tangu aliponizaa. Winnie akawa anamtambulisha kwa wageni, "Huyu ni Mama Josephat." Lakini baraza la juu lilikuwa linatazama ziwa, na minyaa wakati huo ilikuwa bado inanifika kiunoni. Kwa hiyo jioni, nikiwa nachota maji ya kumwagilia mchicha, nilikuwa nainua kichwa namwona mama kwenye kiti chake kule juu. Ananipungia kanga. Nami nampungia ndoo. Hakuwa na ziwa tu, alikuwa na ziwa na mimi. Ningeweza kuishi hivyo mpaka kufa, haki ya Mungu, ningemsamehe Josephat ng'ombe, nyumba na kicheko cha mkewe.

Ila kulikuwa na lile geti. Kumfikia mama ilibidi nizunguke mpaka barabarani nigonge kama mwuza mayai, na askari anauliza, "Unamtafuta nani?" Kila siku ananijua, kila siku anauliza. Siku moja nikapika michembe, vile viazi vitamu vya kukaushwa, kwa karanga kama anavyopenda mama, nikaweka na sato wa kuchoma kwenye kapu, nikavaa gauni la kanisani. Askari akauliza lake. Nikajibu, "Mama yangu." Akaingia ndani, akarudi, akatazama chini. "Mama mwenye nyumba anasema wana wageni wakubwa leo. Bibi amepumzika. Acha mzigo hapa."

Nikainua macho. Mama alikuwa kwenye kona ya baraza, nimeuona mgongo wake, kichwa kimegeukia ziwani. Alikuwa macho. Alikuwa anaangalia kule chini kwenye mawe, ananitafuta mimi, na mimi nimesimama nyuma yake getini na kapu la samaki.

Nikaacha kapu. Nikashuka. Jioni ile ile nikaenda kwa jirani mwenye zizi nikaomba samadi, naye akanipa bure, akidhani ni ya mchicha. Nikaanza kuilisha minyaa.

Minyaa haihitaji samadi, kila mtu anajua. Inaota kwenye mwamba. Sasa fikirieni ikipewa samadi, na majivu, na maji ya ziwa asubuhi na jioni. Nilikuwa nainywesha mpaka naongea nayo. "Kunyweni wanangu, mkue, mwende mkamsalimie mjomba." Muda wa kuipunguza ulipofika, mzee Ngosha akatuma salamu. Nikajibu, acheni kidogo, inanikingia upepo. Josephat alikuwa anahangaika na vigae vya jikoni, akasema haina neno. Mwaka wa pili nikasema vivyo hivyo. Yeye akawa anasafisha upande wake kwa chini tu, vizuri kabisa, bila kujua kwamba mti ukiung'olea magugu miguuni nguvu zote zinakimbilia juu. Lo! Nilicheka mpaka nikakaa chini.

Na mama? Msiniulize kama nilijua. Nilijua. Nilikuwa naona kila jioni. Kwanza nilikuwa namwona mpaka magotini, kisha mpaka kifuani, kisha kichwa. Kisha mkono tu na kanga juu ya minyaa. Halafu siku moja nikapunga ndoo na hakuna aliyenijibu. Niliumia, sikatai. Lakini nilijiambia, mama ni wa kwangu, mama atanielewa. Dawa ya moto ni moto. Nikachota maji, nikamwagilia.

Wageni wakaanza maneno. Niliwasikia kwa masikio yangu, sauti zinapita juu ya minyaa: "Sasa ziwa lenyewe liko wapi?" Winnie anacheka kicheko cha kujikausha, anasema, "Upepo wake mnaupata." Upepo! Watu wametoka Mwanza mjini na kamera zao kuja kupiga picha upepo. Viti vikaanza kubaki vitupu. Jumamosi muziki unapigwa, na anayecheza ni askari wa geti.

Josephat akaleta kibarua akate kabla usiku haujaingia. Panga la kwanza, la pili, la tatu likamrudishia utomvu usoni, akapiga ukelele nikatoka mbio na maji. Nilimnawisha yule kijana wa watu, hana kosa. Mzee Ngosha akaja na fimbo yake, akamkuta Josephat amesimama na shati jeupe. "Umekata peke yako?" Josephat akasema si yeye, ni kibarua. "Panga limetoka nyumbani kwa nani?" Josephat akaanza kukunja mikono ya shati. Mzee akamwambia, "Ukiendelea, siku ya msiba wako tutakuja kula tu, hatutabeba." Josephat akaenda mpaka ofisi ya kata. Wakamwambia mambo ya mpaka wa ukoo akayamalize na ukoo.

Ndipo akaja kwangu. Kwa kuzunguka barabarani na kushuka kwenye mawe, na viatu vyake vya ngozi, anashika shika majabali kama mlevi. Mimi nimeinama kwenye tuta. Nilimwona tangu mbali nikaendelea kung'oa magugu.

"Shikamoo dada."

Weee! Tangu baba azikwe hajawahi kuniamkia. Nikang'oa jani moja, nikang'oa la pili. Nikamwacha na shikamoo yake mkononi mpaka jasho likamtoka.

"Marahaba. Unamtafuta nani?"

Aliielewa. "Dada, tuikate ile minyaa. Njoo na panga lako, nije na langu, mbele ya mzee Ngosha. Tuipunguze ifike kiunoni."

"Si ulisema kuku wangu watakuharibia bustani? Mimi bado nafuga."

"Dada, nitaacha kipenyo. Nitaweka hata mlango."

"Sasa hivi ndiyo umeona mlango?"

Akakaa juu ya jiwe, lile lile bapa la mama. Akakaa na suruali yake nzuri. Akasema, sauti imemshuka, "Si kwa ajili yangu. Ni mama. Hataki kutoka chumbani. Tukimweka barazani anauliza, ziwa mmelipeleka wapi? Tunamwambia lipo. Anasema Josephat, mimi ni mzee, lakini si mjinga. Juzi amekataa kula."

Nikasimama. Nikapangusa udongo mikononi kwa kanga. Kama Josephat angeniomba mwaka ule, kabla ya geti, kabla ya kapu, ningekwenda na panga kwa miguu yangu. Lakini nilimtazama pale alipoketi, nikamwona siku ile amesimama mbele ya wazee na sauti yake laini, na moyo ukarudi mahali pake.

"Mlete mama hapa," nikasema. "Akishashuka, tutaongea habari ya minyaa."

Alimleta kesho yake, yeye na vijana, wamembeba mama kwenye kiti cha plastiki juu ya mawe. Winnie hakuja. Mama alipoliona ziwa alivua kandambili zake. Tukamweka ukingoni, maji yakamgusa vidole, akacheka kama msichana. Josephat naye akacheka, macho yana machozi. Akanigeukia.

"Haya dada. Nimtume mtu kwa mzee Ngosha?"

"Wa nini?"

"Minyaa. Ulisema tutaongea."

"Si tunaongea? Nimesikia ombi lako. Jibu langu ni hapana."

Mbele ya mama hakuweza kunitukana. Akasema polepole, "Basi na mimi naapa. Sikanyagi hapa kwako mpaka ile minyaa ikatwe. Unasikia? Sikanyagi." Akageuka, akapanda mawe, akateleza mara moja, akainuka. Nilimsindikiza kwa macho mpaka alipopotelea nyuma ya majabali, na sitasema uongo, nilisikia utamu mpaka kwenye meno. Nimempokonya ziwa. Nimempokonya mama. Mkuki kwa nguruwe, sivyo? Sasa naye ajue ulivyo.

Siku za kwanza zilikuwa siku njema kuliko zote nilizowahi kuishi. Asubuhi mama anakunywa uji akitazama mitumbwi inarudi na sangara. Mchana nampeleka kivulini, pimbi wanatoka maweni kuja kumchungulia, anawatupia maganda. Jioni namweka kwenye jiwe lake, nakaa miguuni pake, jua linashuka ng'ambo na maji yanakuwa mekundu, ananihadithia Nansio, michungwa ya kwao, bibi aliyekuwa anapiga kasia kuliko wanaume. Nikawa nasema moyoni, baba, unaona? Nimemrudisha alipopaacha.

Halafu jioni moja akaniambia, "Nigeuze."

"Nikugeuze wapi, mama?"

"Kiti. Kigeuze kitazame juu."

"Ziwa liko huku, mama."

"Ziwa nimeliona, mwanangu. Ni la Nansio, halitakwenda popote. Josephat yuko wapi?"

Nikamwambia yuko nyumbani kwake. Akauliza ni upande gani. Nikamwonyesha minyaa. Akasema tena, nigeuze. Nikamgeuza. Akakaa ameipa mgongo machweo yote ya Mungu, anautazama ule ukuta wa kijani. Nilidhani ni siku moja tu. Kesho yake akasema nigeuze. Na keshokutwa. Sasa sisubiri aseme.

Mimi si mtoto. Panga ninalo, nimelinoa, liko nyuma ya mlango. Lakini minyaa haikatwi na mmoja. Ili tuikate inanibidi nizunguke barabarani, nisimame pale getini, yule askari aniulize namtafuta nani, na mimi nijibu, "Mdogo wangu." Nimefika mpaka bango lile mara mbili. Nikasoma, NJOO UONE ZIWA, nikarudi zangu sokoni. Akitaka, njia ya kwangu anaijua. Naye ameapa. Tumetoka tumbo moja, mnafikiri ukaidi kaupata wapi?

Jana jioni nikamgeuza mama kama kawaida, nikaenda kuchota maji. Nyuma ya minyaa, kule juu barazani, nikasikia mtu anakohoa. Nakijua kikohozi cha Josephat tangu utotoni, alikuwa na kifua. Hakukuwa na muziki wala wageni. Amekaa peke yake anatazama minyaa. Nikageuka nikamwona mama amevua kanga yake mabegani. Ameiinua juu kwa mkono wake mwembamba, anaipunga. Anaupungia ule ukuta, polepole, kushoto na kulia, kama alivyokuwa akinipungia mimi.

Alipunga mpaka mkono ukachoka. Akaushusha mapajani, akanigeukia, uso umejaa furaha.

"Ameniona?"

Kikohozi kilikuwa kimeshanyamaza. Niliinama nikamfunga kanga vizuri, baridi ya ziwa ilikuwa imeanza.

"Amekuona, mama," nikasema.

Sijawahi kumdanganya mama yangu tangu nizaliwe. Na uongo huo nao namdai Josephat.